Filamu za Zamani za Ufaransa na Nyota Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mtu anapoonja filamu moja ya zamani ya Kifaransa na kutaka kujua zaidi. Soma kwa mfuatano au ruka hadi swali lako. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mwanzo

Tunaposema "filamu za zamani za Ufaransa" tunamaanisha zipi hasa?

Wapenzi wengi humaanisha filamu za tangu miaka ya 1930, sauti ilipoingia kwenye sinema, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mpaka rasmi haupo. Ndani ya kipindi hicho kuna filamu za majonzi za kabla ya Vita Kuu ya Pili, za akina Jean Renoir, Marcel Carné na Julien Duvivier. Kuna filamu za studio za baada ya vita, zilizotengenezwa kwa ufundi wa hali ya juu. Halafu kuna Wimbi Jipya, kundi la waongozaji vijana, lililopanda mwaka 1959 na kubadilisha sinema ya dunia nzima.

Mizizi ni ya zamani zaidi. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu fupi kumi katika ukumbi wa chini wa mkahawa wa Grand Café jijini Paris, kiingilio faranga moja. Onyesho hilo ndilo linalohesabiwa na wengi kuwa siku ya kuzaliwa kwa sinema. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Georges Méliès, mwanamazingaombwe, ambaye mwaka 1902 alimpeleka mtazamaji mwezini kwa filamu yake Le Voyage dans la Lune.

Kwa nini bado zinapendwa baada ya miaka sitini au themanini?

Kwa sababu zinamtazama mtu, na hazina haraka naye. Filamu nyingi humtumia mhusika ili hadithi isonge. Bora kati ya hizi za Ufaransa hufanya kinyume: hadithi inasimama kidogo ili tumwone mhusika.

Chukua Les Quatre Cents Coups ya François Truffaut, ya mwaka 1959. Mvulana Antoine Doinel amefungiwa katika taasisi ya watoto watukutu, na anahojiwa na mwanasaikolojia. Mwanasaikolojia hatumwoni hata mara moja, tunaisikia sauti yake tu. Kamera imetulia kwa kijana, mikono yake ikihangaika juu ya meza, macho yakikwepa kisha yakirudi, huku akieleza kuwa mama yake hakutaka azaliwe na kwamba ni bibi yake aliyemwokoa. Hakuna muziki wa kutulazimisha tulie. Jean-Pierre Léaud, aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi, majibu mengi aliyatoa papo hapo bila kukariri. Dakika chache hizo zinatosha kueleza kwa nini watu hawaachi kurudi.

Sababu ya pili ni ya kitaasisi: Ufaransa iliamua mapema kuzitunza filamu zake na kuzigharamia. Hilo lina swali lake kwenye sehemu ya utunzaji.

Nimesikia ni filamu za wasomi, ngumu na za kuchosha. Ni kweli?

Baadhi ni ngumu, hasa za Jean-Luc Godard za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Lakini sifa hiyo imewaonea wengine. Filamu ya Ufaransa iliyouza tiketi nyingi kuliko zote nchini mwake kwa zaidi ya miaka arobaini ilikuwa kichekesho: La Grande Vadrouille ya mwaka 1966, tiketi zaidi ya milioni 17. Ndani yake Louis de Funès, kiongozi wa okestra mwenye hasira za karibu, na Bourvil, mpaka rangi mpole, wanalazimika kuwatorosha marubani wa Kiingereza mbele ya macho ya Wajerumani. Mtoto wa miaka minane atacheka, na bibi yake pia.

Mpenda filamu za roho mkononi naye ana yake. Katika Le Salaire de la peur (1953) ya Henri-Georges Clouzot, wanaume wanne waliokwama katika kijiji cha Amerika Kusini wanakubali kuendesha malori mawili yaliyojaa nitrogliserini, kwenye barabara ya mashimo, ili kuzima moto wa kisima cha mafuta. Tetemeko dogo tu na lori limepaa. Sijaona filamu ya kisasa ya mapigano inayobana pumzi namna ile.

Basi nianze na ipi?

Inategemea unapenda nini. Kwa mpenda vichekesho na asiyetaka maneno mengi, Les Vacances de Monsieur Hulot (1953) ya Jacques Tati: karibu haina mazungumzo ya maana, kila kitu kiko kwenye mwendo wa mtu. Kwa mpenda uhalifu, Le Samouraï (1967). Kwa mpenda mapenzi na muziki, Les Parapluies de Cherbourg (1964) ya Jacques Demy, ambamo kila neno linaimbwa, hata fundi wa gereji anapozungumzia gari. Kama unataka moja tu itakayokuonyesha yote kwa pamoja, tazama Les Quatre Cents Coups.

Usianze na La Règle du jeu ya Renoir hata kama kila orodha inaitaja. Ni kubwa kweli, ila inataka mtu aliyekwisha kuzoea.

## Nyota

Kwa nini kila mazungumzo huanza na Jean Gabin?

Kwa sababu alikuwa wa kwanza kuonekana kama mtu unayeweza kukutana naye kituo cha treni. Alizaliwa Paris mwaka 1904 katika familia ya wasanii wa majukwaani, lakini mbele ya kamera aliongea chini chini, kama mtu anayejua kuwa wewe uko karibu. Kati ya 1937 na 1939 alitoa mfululizo ambao wachache wameufikia: Pépé le Moko, La Grande Illusion, Le Quai des brumes na Le Jour se lève. Jambazi aliyejificha Casbah, mji mkongwe wa Algiers, luteni aliyetekwa vitani, askari mtoro, mfanyakazi wa kiwandani aliyejifungia chumbani polisi wakiwa wamelizingira jengo. Karibu mara zote mlango unamfungia. Wafaransa waliokuwa wanaelekea vitani walijiona ndani yake.

Vita vilipokuja alikwenda Marekani, akacheza filamu huko, kisha akaacha yote akajiunga na jeshi la Ufaransa Huru na kuwa kamanda wa kifaru. Alirudi akiwa na nywele za mvi, na ikamchukua miaka kadhaa watu wamkubali upya.

Delon au Belmondo?

Ubishi huu haujaisha na sidhani kama unapaswa kuisha. Alain Delon (1935–2024) alikuwa na sura ambayo kamera haikuweza kuiacha, na kipaji chake kilikuwa kujua kukaa kimya. Jean-Pierre Melville, mwongozaji wa Le Samouraï, alilielewa hilo kuliko wote. Le Samouraï inaanza na chumba chenye mwanga hafifu, ndege ndani ya kizimba, na moshi wa sigara unaopanda kutoka kitandani, ndipo unagundua kuna mtu amelala pale. Neno la kwanza linatamkwa baada ya takriban dakika kumi. Kabla ya kutoka, Delon anavaa kofia mbele ya kioo na kupitisha vidole kwenye ukingo wake, na hapo umeshajua huyu ni mtu wa aina gani.

Jean-Paul Belmondo (1933–2021) alikuwa bondia wa ridhaa mwenye pua iliyovunjika, na aliigiza kwa mwili mzima. Katika L'Homme de Rio (1964) anakimbia, ananing'inia, anaruka, mengi akifanya mwenyewe bila mtu wa kumwakilisha. Alipofariki, taifa lilimuaga rasmi kwenye uwanja wa Les Invalides. Wawili hao waliigiza pamoja kwenye Borsalino (1970). Mimi niko upande wa Belmondo, kwa sababu anaonekana kuifurahia kazi.

Brigitte Bardot na Jeanne Moreau wanatajwa pamoja. Wanafanana wapi?

Wanafanana kwa kuvunja mwiko kuhusu mwanamke kwenye skrini, kwa njia mbili tofauti kabisa. Bardot alilipuka mwaka 1956 na Et Dieu… créa la femme, iliyopigwa Saint-Tropez, na mji huo wa wavuvi haukurudi kuwa ulivyokuwa. Alikuwa msichana asiyeomba radhi kwa kuwa na mwili. Aliacha kuigiza mwaka 1973.

Moreau (1928–2017) hakuwa mrembo kwa vipimo vya siku zile, na waongozaji walizoea kumfunika kwa vipodozi. Mwongozaji Louis Malle alimtoa nje usiku. Katika Ascenseur pour l'échafaud (1958) anatembea Champs-Élysées akimtafuta mpenzi wake, uso karibu mtupu, akimulikwa na taa za vioo vya maduka tu. Mpiga picha Henri Decaë alikuwa na kamera ndani ya kigari cha kusukumia mtoto. Tarumbeta unayoisikia ni ya Miles Davis, aliyetunga papo hapo, kwa usiku mmoja wa Desemba 1957, huku picha zikipita mbele yake. Mafundi wa maabara walilalamikia picha hizo, lakini watazamaji walikuwa wamempata Moreau.

Decaë huyohuyo ndiye aliyepiga Les Quatre Cents Coups na Le Samouraï. Kabla ya kumsifia mwongozaji, soma jina la mpiga picha.

Kulikuwa na nyota weusi?

Alikuwepo mmoja mkubwa: Josephine Baker, mzaliwa wa St. Louis, Marekani, aliyeishinda Paris kwa dansi miaka ya 1920. Mwaka 1934 alikuwa nyota mkuu wa Zouzou, na Gabin akiwa chini yake kwenye mabango. Mwaka 1935 ikafuata Princesse Tam Tam. Mwezi Novemba 2021 aliingizwa Panthéon, jengo la kuwaenzi mashujaa wa Ufaransa, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Lakini tazama filamu zenyewe kwa macho wazi. Katika Zouzou anampenda Gabin, naye Gabin anamchukua msichana wa Kizungu. Baker anaishia jukwaani, amevaa manyoya, akiimba ndani ya kizimba cha ndege. Uwezo wake ulikuwa mkubwa kuliko hadithi walizothubutu kumwandikia. Kuhusu Waafrika waliosimulia wenyewe, nenda sehemu ya Afrika.

Mbona nyota wengi "wa Ufaransa" hawakuzaliwa Ufaransa?

Ni kweli, na ni jambo la kufurahisha. Yves Montand na Lino Ventura walizaliwa Italia, Simone Signoret Ujerumani, Romy Schneider Austria, Anna Karina Denmark, Jean Seberg jimbo la Iowa, Marekani. Paris iliwapokea na kuwapa majukumu.

## Wimbi Jipya

Wimbi Jipya lilikuwa nini?

Lilikuwa kundi la vijana waliokuwa wakiandika uhakiki kwenye jarida la Cahiers du cinéma, lililoanzishwa mwaka 1951 na André Bazin na wenzake. Walichoshwa na filamu zilizotegemea riwaya maarufu, mandhari ya kutengenezwa studio na mazungumzo yaliyopigwa msasa. Truffaut alizishambulia waziwazi mwaka 1954. Maneno yake yalikuwa makali kiasi kwamba mwaka 1958 tamasha la Cannes lilimnyima mwaliko. Mwaka uliofuata akarudi Cannes na filamu yake ya kwanza ndefu na kuondoka na tuzo ya uongozaji.

Walitoka studio wakaingia mitaani, na kamera nyepesi na fedha kidogo. Mchango wao mwingine, unaosahaulika, ni kwamba waliwatetea wakongwe waliowapenda: Renoir, Vigo, Bresson. Hawakuja kubomoa kila kitu.

Kwa nini À bout de souffle ya Godard inarukaruka? Nakala yangu ina kasoro?

Nakala yako ni nzima. Filamu ilitoka ndefu mno, na badala ya kuondoa matukio mazima, Godard alikata katikati ya picha. Mwigizaji Jean Seberg amekaa kwenye gari la wazi, kichwa chake hakisogei, lakini Paris nyuma yake inaruka kutoka mtaa hadi mtaa. Mwaka 1960 hilo lilionekana kosa la ufundi. Leo kila mtu anayehariri video kwenye simu hufanya hivyohivyo.

Mengine yalitokana na uhaba. Mpiga picha Raoul Coutard alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu badala ya reli za kamera. Kwa matukio ya usiku waliunganisha vipande vya filamu ya Ilford iliyokusudiwa picha za mnato, kwa kuwa ilinasa mwanga hafifu. Sauti ziliingizwa baadaye.

Ni wanaume watupu?

Hapana, na aliyewatangulia ni mwanamke. Agnès Varda, mpiga picha aliyezaliwa Ubelgiji, alitengeneza La Pointe Courte kwenye kitongoji cha wavuvi cha Sète na kuitoa mwaka 1955, miaka minne kabla ya Truffaut. Cléo de 5 à 7 (1962) inamfuata mwimbaji anayesubiri majibu ya vipimo vya saratani, karibu dakika kwa dakika, akizunguka Paris. Mwanzoni watu wote wanamwangalia yeye. Katikati anavua wigi, anatoka, na kuanzia hapo ni yeye anayewaangalia watu. Kama una nafasi ya filamu moja tu ya Wimbi Jipya na umeshaona ya Truffaut, chagua hii.

## Utunzaji na marufuku

Nani alihakikisha hazipotei?

Wa kwanza ni Henri Langlois. Mwaka 1936 alianzisha na wenzake Cinémathèque française, wakati ambapo studio zilikuwa zikiyeyusha filamu za kimya ili kupata malighafi. Wakati Wajerumani wanaikalia Paris aliyaficha makopo ya filamu alizozipenda kila palipowezekana. Vijana wa Wimbi Jipya walisomea kwenye viti vya ukumbi wake. Serikali ilipomwondoa Februari 1968, waongozaji na waigizaji waliingia barabarani, na mwezi Aprili akarudishwa.

Pili ni mfumo wa fedha. Kituo cha taifa cha sinema, CNC, kilianzishwa mwaka 1946. Kila tiketi inayouzwa Ufaransa hukatwa kodi, sasa ni asilimia 10.72, na fedha hizo hurudi kwenye sinema. Ukienda Paris kuona filamu ya Hollywood, sehemu ya kiingilio chako inasaidia sinema ya Ufaransa.

Ni kweli baadhi zilipigwa marufuku?

Kweli. Zéro de conduite ya Jean Vigo (1933), kuhusu uasi wa wanafunzi wa bweni, ilifungiwa hadi 1945. Vigo hakuishi kuiona huru, alifariki 1934 akiwa na miaka 29. La Règle du jeu ilizomewa ilipotoka Julai 1939 na kufungiwa miezi michache baadaye, kisha negativu yake, yaani nakala mama, ikaharibiwa na mabomu. Toleo tunaloliona leo liliunganishwa upya mwaka 1959. Le Petit Soldat ya Godard, inayogusa mateso ya vita vya Algeria, ilizuiwa hadi 1963.

## Afrika

Sinema hii ina uhusiano gani na sisi Waafrika?

Ina uhusiano wa moja kwa moja, tena wenye maumivu. Amri ya serikali ya mwaka 1934 iliwataka watu wapate kibali kabla ya kupiga filamu katika makoloni, na Waafrika walibaki kuwa watu wa kutazamwa tu. Paulin Soumanou Vieyra na wenzake walipotaka kutengeneza yao, waliigeuzia kamera Paris yenyewe: Afrique-sur-Seine, 1955.

Wafaransa wachache walijaribu njia nyingine. Chris Marker na Alain Resnais, kwa kuombwa na jarida la Présence africaine, walitengeneza Les statues meurent aussi (1953), kuhusu sanamu za Kiafrika zilizofungiwa makumbushoni. Ilizuiwa kwa miaka kadhaa kwa kuukosoa ukoloni. Mwaka 1958 Jean Rouch aliwafuata vibarua kutoka Niger huko Treichville, Abidjan, katika Moi, un noir, na kuwaacha wajisimulie wenyewe. Mmoja wao, Oumarou Ganda, baadaye akawa mwongozaji.

Filamu ninayomsihi kila mmoja aione ni La Noire de… ya Ousmane Sembène wa Senegal (1966). Diouana anatoka Dakar kwenda Antibes akidhani atalea watoto na kuona Ufaransa. Anachokiona ni jiko, bafu na kuta nyeupe. Anapika na kusugua sakafu akiwa amevaa gauni zuri na viatu vya visigino, kwa kuwa ndivyo alivyojiandaa kwa safari ya maisha yake, hadi bibi wa nyumba anapomwamuru avivue viatu. Anayeijua hadithi ya dada aliyekwenda kufanya kazi za ndani Ghuba ataielewa kabla haijaisha. Ilipata tuzo ya Jean Vigo mwaka huohuo, na ni sawa kuiweka meza moja na za Wimbi Jipya.

## Maswali magumu na ya pembeni

Nifanyeje na nyota ambaye mwenendo wake unaniudhi?

Swali hili huulizwa zaidi kuhusu Bardot, ambaye mahakama za Ufaransa zilimtia hatiani mara kadhaa kwa kuchochea chuki ya rangi. Sioni haja ya kuificha rekodi hiyo wala ya kuichoma filamu. Clouzot naye alitengeneza Le Corbeau (1943) kwa kampuni ya Wajerumani wakati wa ukaliaji, akazuiwa kufanya kazi hadi 1947. Filamu yenyewe, kuhusu barua za siri zinazowachoma watu wa mji mdogo, ni mashambulizi makali dhidi ya uchongezi. Tazama ukijua.

Zipo zilizosimuliwa kwa Kiswahili?

Wasimuliaji wetu wa video wamejikita kwenye filamu za mapigano, na za aina hii ni nadra kuwafikia. Tegemea maandishi ya tafsiri chini ya picha. Epuka nakala zilizobandikwa sauti za lugha nyingine: ukiondoa sauti ya Gabin umeondoa nusu ya Gabin. Wasomaji wa Lubumbashi, Goma, Bukavu na Bujumbura wanaojua Kifaransa wana bahati hapa.

Nitazipata wapi kihalali Afrika Mashariki?

Ulizia ratiba ya Alliance Française, kituo cha utamaduni wa Kifaransa, iliyo karibu nawe, kama Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Arusha au Kampala, au Institut français kwa walio Burundi na Kongo. TV5MONDE ina huduma ya bure mtandaoni yenye maandishi ya tafsiri, ingawa orodha yake hubadilika. Ukinunua diski, tafuta iliyoandikwa kuwa imekarabatiwa, na kwa filamu za nyeusi na nyeupe kataa zilizopakwa rangi.

Nimeanza moja na baada ya robo saa nimechoka. Niendelee?

Zima, jaribu nyingine. Ila kama ni Le Samouraï, vumilia hadi aingie kwenye klabu ya usiku, na kama ni Cléo, hadi avue wigi.